Dole gumba, karatasi na DNA: nani kaigusa hati ya nyumba?

Wadau, hapa Bongo ukitaja DNA watu wanacheka, wanajua unazungumzia mtoto ni wa nani. Mimi leo naitaja kwa ajili ya karatasi. Ile hati ya mauziano ya nyumba, yenye dole gumba pale chini.

Nakaa Sinza. Viwanja vingi vya huku vilipimwa miaka ya 1970 kwenye ule mradi wa Benki ya Dunia, pamoja na Kijitonyama na Mikocheni, ili watu wa kipato cha chini wajenge. Leo kiwanja kile kile ni baa, gesti au ghorofa. Wazee waliojenga wanafariki, na hapo ndipo karatasi zinaanza kutoka makabatini. Jirani yangu mmoja, mama mjane, kaonyeshwa hati inayosema aliuza nyumba. Dole gumba lipo, ila limevurugika, doa la wino tu. Yeye anasema hajawahi kuliweka. Mtaalamu wa alama za vidole atalinganisha nini wakati mistari haionekani?

Mwaka 1997 watafiti wawili wa Australia, van Oorschot na Jones, walionyesha kwamba kitu kilichoshikwa tu na mkono kinaweza kutoa DNA ya aliyekishika. Kidole kinaacha jasho na seli za ngozi, na karatasi inavinyonya. Ndiyo maana tangu miaka ya 1950 wapelelezi wanatumia ninhidrini, dawa inayogeuza alama iliyofichika kwenye karatasi kuwa zambarau. Hata baada ya dawa hiyo, DNA wakati mwingine bado inapatikana. Yaani alama iliyovurugika, ambayo mtu wa mistari ameitupa, mtu wa maabara anaweza kuiokota.

Ila ni kidogo mno. Seli moja ina DNA ya pikogramu 6 hivi: gramu moja igawe mara trilioni, uchukue vipande sita. Tena karatasi haiachii kirahisi, mara nyingine inabidi ikatwe.

Sasa njoo kwenye ofisi zetu za mtaa. Kile kisahani cha sponji yenye wino kinatumiwa na mtaa mzima! Kila dole linalozama pale linaweza kuondoka na seli za waliotangulia. Halafu hesabu mikono: dalali, mjumbe, mashahidi, kijana wa steshenari anayetoa fotokopi, karani, na yule askari anayelamba kidole kila akifunua faili. Huyu wa mwisho nadhani anaacha DNA nyingi kuliko muuzaji mwenyewe.

Sifanyi utani. California mwaka 2012 mtu alikaa rumande miezi kadhaa kwa sababu DNA yake ilikutwa kwenye kucha za marehemu. Usiku wa mauaji alikuwa amelazwa hospitali, kalewa. Wahudumu wa gari la wagonjwa waliombeba yeye ndio waliokwenda baadaye kumhudumia marehemu.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: DNA ya kwenye hati itafutwe, lakini mahakama isiisomee kitu isichokisema. Inasema kuna mtu kaigusa karatasi, au kagusana na aliyeigusa. Haisemi lini, wala haisemi aliuza. Na yule mama isipopatikana DNA yake, hilo nalo halithibitishi kwamba hakuweka dole. Hapo ndipo wengi watapotoshwa, na mawakili wajanja wanalijua.

Isitoshe, huwezi kuamka tu na bahasha yako ukaenda kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Chini ya Sheria ya Vinasaba vya Binadamu ya 2009, ombi linapitia kwa wanaotambuliwa: mahakama, polisi, wakili, ustawi wa jamii. Mpaka zipite hizo hatua, hati ishapita mikono mingine ishirini. Mgogoro ukianza tu, hati halisi ishikwe kwa glovu, iwekwe kwenye bahasha safi ya karatasi (nailoni inatunza unyevu), isainiwe kila inapohama, na mabishano yaendelee kwa fotokopi. Hiyo haihitaji mashine ya mamilioni.

Na wewe unayenunua kiwanja mwezi huu, nenda na kisahani chako kipya cha wino, uombe kupiga picha dole linapowekwa. Dalali akikasirika, muulize kwa nini.