Mtoto asikae kwenye boti inayokokotwa

Mama mmoja wa Mombasa ameniandikia kwamba likizo ya Desemba wanapanga kwenda Lamu, na siku moja watakodi jahazi liwapeleke Takwa, kisiwani Manda. Jahazi hilo hukokota boti ndogo ya mpira, ya kuwashushia abiria pale maji yanapokuwa machache. Wanawe, mmoja wa miaka 12 na mwingine 7, wameona picha za wageni wamejilaza ndani ya boti kama hiyo huku jahazi limetweka tanga, na baba yao amekwisha kuwaahidi. "Nikikataa, si nitaonekana mwoga?" anauliza.

Kataa, mama. Na baba akisoma hapa, akatae pia.

Boti ya mpira hujazwa upepo, kwa hiyo ni nyepesi mno kwa ukubwa wake. Mtoto akikaa nyuma, pua yake huinuka na upepo ukaingia chini, ikapinduka. Akikaa mbele, pua huchoma wimbi na maji yakajaa. Ubaya zaidi ni mawimbi yanapotoka nyuma. Boti huteleza juu ya wimbi ikalifukuza jahazi, na kamba ikalegea. Wimbi likishapita, kamba hukazika ghafla na boti ikavutwa kwa kishindo. Mtu mzima anaweza kujishikilia. Mtoto wa kilo 22 hurushwa nje.

Sasa fikiria kinachofuata, kwa maana jahazi halina breki. Likienda maili 5 za baharini kwa saa, mwendo wa kawaida tu, kila sekunde linapita mita mbili u nusu. Katika dakika moja liko mita 150 mbele, na huenda mabaharia ndiyo kwanza wanahangaika na tanga ili waligeuze. Kwa umbali huo, kichwa cha mtoto katikati ya mawimbi ni kama kifuu cha nazi. Tena hapo ni kama kuna aliyemwona akianguka. Abiria wengi hutazama wanakokwenda, si walikotoka.

Nahodha anaweza kukwambia miaka yote hajaona balaa. Huenda ni kweli. Lakini siku nyingi boti hiyo huwa tupu, na ikipinduka watu hucheka tu.

Mwingine atasema njia ya mikokoni kuelekea Takwa ni shwari. Ni shwari, ndiyo, ila jahazi lenye injini likipunguza mwendo au kurudi nyuma, kamba iliyolegea huweza kunaswa na propela, na boti ikavutwa huko huko.

Kabla ya kulipa, nenda ukaitazame hiyo boti. Kamba nzuri hugawanyika ikashika pete mbili, kulia na kushoto, maana pete moja ikibeba mzigo wote hung'oka. Makasia na injini yake ndogo viondolewe kabla ya safari. Kisha omba jaketi za kuokolea za watoto, si za watu wazima. Mvalishe mtoto, funga vifungo vyote, halafu mwinue kwa kushika mabega ya jaketi. Likipanda hadi masikioni, ni kubwa, tafuta jingine. Nisingesafiri na mtu anayeniambia "litamtosha tu".

Kuhusu ile ahadi, baba hana haja ya kuivunja yote. Nanga ikishatiwa, tanga limeshushwa na injini imezimwa, boti ivutwe ubavuni na watoto waingie na jaketi zao, mtu mzima akiwa nao. Waruke, wapige makasia, walowe.

Njiani, yule wa miaka 12 mpe kazi ya kukaa karibu na mshika usukani na kuangalia kamba: ikilegea aseme, boti ikiingia maji aseme. Wa miaka 7 mvalishe jaketi mkiwa bado gatini, kabla hajaiona boti yenyewe.