Programu Huria Zinalaumiwa Bure

Katika ofisi nyingi za Nairobi, kuanzia Moi Avenue hadi Westlands na Kilimani, kuna madai kuhusu programu huria, zile ambazo msimbo wake uko wazi kwa wote, yaliyorudiwa mpaka yakaonekana kweli. Yanatugharimu, kwa hiyo yajibiwe.

La kwanza: "Haina mwenyewe. Ikiharibika utamshika nani?" Si kweli. Programu ya Ushahidi, iliyozaliwa hapa Kenya Januari 2008 katika ghasia za baada ya uchaguzi, ina wenyewe wanaojulikana. DHIS2, ambayo Kenya iliisambaza nchi nzima mwaka 2011 kwa takwimu za afya, inatunzwa na Chuo Kikuu cha Oslo, nao wamesema wazi kwamba wanahudumia matoleo matatu ya karibuni. Ukibaki kwenye toleo waliloliacha, usiseme umetupwa.

La pili ndilo la hatari zaidi: "Inafanya kazi, usiiguse." Machi 2017 kasoro kubwa ya programu huria ya Apache Struts ilizibwa, na kiraka (rekebisho la kuiziba) kikatolewa bure. Kampuni ya Equifax ya Marekani haikukiweka kote ilikohitajika. Mwezi Mei wezi walipitia tundu lilo hilo, na taarifa za watu wapatao milioni 147 zikaibwa. Kiraka kinapotangazwa, udhaifu wenyewe nao umetangazwa. Kuanzia siku hiyo mhalifu anajua pa kugonga. Seva uliyoiacha bila kuigusa inazidi kuwa dhaifu, hata kama hujabadilisha herufi moja.

La tatu: "Kila kiraka kitatulazimisha kuhamia toleo jipya, kazi ivurugike." Tazama Koha, programu huria ya maktaba inayotumika katika maktaba kadhaa za vyuo vikuu vyetu. Namba 24.05.03 inasomeka hivi: toleo la Mei 2024, awamu ya tatu ya marekebisho. Kasoro hurekebishwa kwanza kwenye msimbo mkuu, kisha rekebisho hupelekwa kwenye matoleo ya nyuma ambayo bado yana mtunzaji. Tarakimu za mwisho zikibadilika, kwa kawaida unapata tiba bila kubadilishiwa mazoea. Ni kweli kuhama toleo zima kuna maumivu, hasa kwa aliyengoja miaka mingi.

La nne hutoka kwa mafundi hodari: "Tumeshairekebisha wenyewe." Hongera, lakini rekebisho lililofichwa kwenye seva moja litafutwa na sasisho lijalo, na hospitali ya Kisumu yenye tatizo hilohilo haitalipata. Mfumo wa rekodi za wagonjwa wa KenyaEMR umejengwa juu ya OpenMRS, mradi huria ulioanza kutumika Eldoret mwaka 2006. Tungekuwa wapi kama kila mtu angeficha kazi yake? Wapelekee watunzaji rekebisho lako. Kama huna, andika ripoti: namba ya toleo, ulichobonyeza, ulichotarajia, kilichotokea. "Haifanyi kazi" haimsaidii mtu.

Kabla ya kuilaumu programu, muulize fundi wako leo: seva yetu ina toleo gani, na litatunzwa hadi lini?