Mkopo Unapoishia, Jamaa wa Msikiti Waanzie

Ndugu Waislamu, kila mwaka Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa Sheria Na. 9 ya mwaka 2004, inapotangaza majina ya waliopangiwa mikopo, nyumba nyingi hushukuru. Lakini wapo wanaopangiwa sehemu tu ya ada. Kinachobaki humwangukia mzazi, naye huenda ni mkulima wa mihogo au mjane mwenye genge la mboga.

Hapo ndipo wengine hukimbilia mikopo ya “kausha damu”. Sisi tunasema hiyo si njia. Riba ni haramu, na shamba lililowekwa rehani hupotea kabla kijana hajahitimu.

Njia za halali zipo. Kwanza, mwanafunzi akate rufaa Bodi inapofungua dirisha, akiwa na vyeti vilivyohakikiwa na RITA. Yatima asiyeambatisha cheti cha kifo cha mzazi atauthibitishaje uyatima wake? Pili, aombe chuo kwa maandishi alipe kwa awamu, wala asingoje wiki ya mitihani.

Tatu ni sisi. Waumini 200 wakitoa shilingi 1,000 kila Ijumaa, kwa wiki 52 hupatikana shilingi 10,400,000. Fedha hizo zitolewe kwa karadha njema, isiyo na nyongeza, ili zikirejeshwa zimsomeshe mwingine. Asiye na uwezo wa kurejesha asaidiwe kwa zaka, kwani mafakiri na maskini ndio wa mwanzo kutajwa katika mafungu manane ya Suratut Tawba, aya ya 60.

Tunajua wengi wanasita kwa kuhofia fedha kuliwa. Hofu hiyo ina sababu, na dawa yake ni uwazi. Hesabu zibandikwe msikitini kila mwezi, na kila deni liandikwe mbele ya mashahidi, kama tulivyoamrishwa katika Suratul Baqara, aya ya 282.

Mbona harusi tunaziweza? Kamati huundwa, kadi hugawiwa, ahadi hufuatiliwa kwa simu hadi shilingi ya mwisho, na yote huliwa usiku mmoja. Kijana anayerudi nyumbani kwa kukosa laki nne hakufeli yeye. Tumefeli sisi tuliomswalisha dua ya safari, kisha tukamsahau.

Wabillahi tawfiiq.