Kura ya Mke ni Amana Yake

Dada mmoja ametuuliza: mume akimtaka mkewe apige picha karatasi yake ya kura ili ahakikishe amemchagua nani, je, ni wajibu kutii? Jibu letu ni la. Kura ni ushahidi, na shahidi haamrishwi la kusema, hata na mumewe.

Mabinti zetu hawaamini tunapowaambia kwamba mwaka 1988 kura ya mchujo nchini ilipigwa kwa mlolongo. Chama kilikuwa kimoja tu, KANU ya Rais Moi. Wanachama walijipanga nyuma ya wagombea wao au mawakala wao, wakahesabiwa vichwa mchana kweupe. Aliyepata zaidi ya asilimia 70 alipita moja kwa moja. Sanduku la siri halikumhusu tena.

Hebu mfikirieni mjane muuza mboga katika mstari ule. Chifu yu mbele yake anamtazama, mwenye nyumba wake yu mstari wa pili. Huo ni ushahidi gani? Na hata aliyethubutu kusimama apendapo hakuwa na salama, kwani kuna mahali mstari mfupi ulitangazwa kuwa ndio mrefu. Mlalamishi angeonyesha nini? Karatasi hazikuwapo. Watu walikwisha tawanyika kwenda kupika, hapakubaki cha kuhesabu upya.

Haki yatulazimu kusema kwamba mmoja wa waliopinga mtindo ule tangu mapema hakuwa sheikh. Alikuwa Askofu Alexander Muge wa Kanisa la Anglikana, dayosisi ya hapa Eldoret. Agosti 1990 waziri Peter Okondo alimwonya hadharani kwamba akikanyaga Busia huenda asitoke hai. Alikwenda. Tarehe 14, akirejea, akafa katika ajali ya barabarani, na Okondo akajiuzulu. Desemba mwaka huo KANU ikaufuta mlolongo. Mwaka uliofuata kifungu cha 2A, kilichohalalisha chama kimoja, kikaondolewa katika Katiba.

Simu ya mume anayedai picha yaurejesha mlolongo ule ndani ya nyumba, tena bila chifu.

Tuongeze jambo kwa ajili ya mama zetu wasiojua kusoma na wenye macho hafifu. Sheria yawaruhusu kuingia na msaidizi, naye huapa kutunza siri. Msaidizi huyo mama amchague mwenyewe, wala asipangiwe na wanawe.