Kabla ya Brashi Kugusa Jiwe

Mvuvi wa Palma, kaskazini mwa Msumbiji, aliyezoea kupasua ngisi hahitaji maelezo marefu kuhusu amonaiti. Ni jamaa ya ngisi na pweza, ila yeye aliishi ndani ya gamba lililojiviringa kama pembe ya kondoo dume. Ukoo wake ulitoweka miaka milioni 66 iliyopita. Magamba yakabaki mwambani. Kubwa kuliko yote linalojulikana lilipatikana Seppenrade, Ujerumani, mwaka 1895, na upana wake unakaribia kimo cha mtu mzima.

Ulaya wapo wanaotumia siku zao za mapumziko kuokota na kusafisha visukuku hivi. Vijana wa kaskazini mwa Cabo Delgado, mkoa wenye mji huo wa Palma, nao wanastahili raha hiyo, maana ardhi yao imelala juu ya matabaka ya bahari ya kale. Lakini ije na sharti moja: jiwe liandikiwe mahali lilipotoka kabla halijaguswa na brashi.

Sababu iko ng'ambo ya bahari. Amonaiti wa Madagascar hukatwa katikati, wakang'arishwa na kuuzwa dunia nzima. Wanapendeza mno. Ila asiyejua wametoka korongo gani na tabaka lipi amenunua pambo tu, kwa kuwa amonaiti walibadilika maumbo upesi kiasi kwamba mtaalamu huwatumia kukadiria umri wa mwamba. Mwaka 1903 mwanajiolojia Paul Choffat alichapisha kazi yake juu ya miamba ya Conducia, katika mkoa wa Nampula, jirani na Cabo Delgado. Mawe yale yana thamani hadi leo kwa sababu yana anwani.

Kusafisha kwenyewe ni kazi ya subira. Amonaiti mkubwa hulazwa juu ya gunia la mchanga ili asipasuke kwa uzito wake. Udongo laini hutolewa kwa maji na brashi ya meno. Ule mgumu hudonolewa kwa sindano, chembe kwa chembe. Siki isikaribie, kwani inakula chokaa, na gamba ni chokaa. Gamba la juu likiwa limebanduka, mistari yenye mikunjo kama kingo za jani huonekana: ndipo kuta za vyumba vyake zilipokutana na gamba. Patasi ya pupa huifuta milele.

Tangu Oktoba 2017, vita vilipoanza Mocímboa da Praia, mkoani Cabo Delgado, kumpeleka kijana porini kutafuta mawe ni kumhatarisha. Basi kazi ianze na mawe yanayofukuliwa na wachimba visima na wajenzi wa barabara. Sheria ya kulinda urithi wa utamaduni ya Msumbiji, namba 10/88, ipo. Kinachokosekana ni mtu wa kupokea jiwe karibu na lilikopatikana. Maputo ina Makumbusho ya Taifa ya Jiolojia, lakini ni safari ya zaidi ya kilomita 2,000. Kabati moja la kioo katika shule ya Palma, daftari na kalamu, vingetosha kuanzia.