Afisa uvuvi akisimamisha ndoo yako ya sato, ana mamlaka gani?

Arusha haina bahari, na maziwa ya Momela chini ya Mlima Meru yamo ndani ya hifadhi. Lakini fika soko la Tengeru siku ya Jumamosi uone: sato na sangara wa Ziwa Victoria, dagaa wa Mwanza, perege wa Nyumba ya Mungu, na samaki wa maji chumvi waliopanda basi kutoka Tanga. Mahali samaki walipofika, afisa uvuvi naye anaweza kufika.

Wasikilizaji wetu wa vijiji vya Meru wamezoea zaidi askari wa hifadhi na wa msitu. Huyo mipaka yake inaonekana kwa macho, kuna jiwe au mti uliopakwa rangi. Afisa uvuvi ni tofauti, kwa sababu kazi yake haiishii ufukweni. Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 inamfuata samaki kuanzia mtumbwini, kwenye lori, ghalani, hadi juu ya meza yako sokoni. Afisa aliyeidhinishwa anaweza kudai leseni, kufungua mzigo, kupima samaki, kuushikilia mzigo na kumkamata mhusika. Sangara asiyefikia sentimita 50 na sato asiyefikia sentimita 25 hawaruhusiwi, awe amevuliwa na nani.

Hapo ndipo uchungu ulipo. Mama aliyenunua ndoo mbili kwa bei ya jumla, kwa mkopo wa kikoba, hakuvuta nyavu yoyote. Aliyetega nyavu za matundu madogo yuko mamia ya kilomita kutoka hapa, na aliyepakia lori ameshapokea fedha zake. Mzigo ukitaifishwa Tengeru au Usa River, anayebaki na deni ni yeye.

Tunaielewa hoja ya serikali. Samaki mchanga asingevuliwa kama asingekuwa na soko. Ila ukaguzi ukifanyika kwenye mzigo wa jumla, kabla haujagawanywa kwenye ndoo, kosa lingekamatwa likiwa kubwa na kwa mtu mwenye uwezo wa kulijibu. Kumvizia muuzaji wa mwisho ni rahisi, na tunaona ndiyo maana hufanyika.

Mwaka 2018, wakati wa operesheni kali dhidi ya uvuvi haramu, maafisa walifika hadi kantini ya Bunge jijini Dodoma na rula, wakapima samaki waliokuwa tayari wamepikwa. Wabunge walikuja juu, na suala likajadiliwa bungeni. Muuza samaki wa Ngaramtoni hana bunge la kumsemea siku ndoo yake inapopinduliwa. Kinachoweza kumkinga ni utaratibu ambao sheria imemwekea afisa.

Utaratibu huo unaanza na utambulisho. Muombe akuoneshe kitambulisho cha kazi, kwa heshima, bila ubishi. Anayekamatwa ana haki ya kuambiwa kosa lake palepale, na nguvu isizidi ile inayohitajika kumkamata. Kama ni upekuzi wa nyumba unayoishi, mambo hubadilika: kwa kawaida inatakiwa hati, na kazi hiyo hufanyika mchana, isipokuwa kwa dharura inayotambuliwa na sheria. Mali ikichukuliwa, Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inataka iandikwe na stakabadhi itolewe, ikiwa na saini za waliokuwepo. Hakikisha imeandikwa samaki ni wangapi, wa aina gani na uzito gani. Neno "mzigo wa samaki" peke yake halitakusaidia mbele ya hakimu.

Karatasi hizo zina faida kwa serikali pia. Machi 2009 meli ya Tawariq 1 ilikamatwa katika ukanda wa bahari wa Tanzania ikiwa na samaki zaidi ya tani 290. Wengi wanawakumbuka kwa jina la "samaki wa Magufuli", kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa waziri mwenye dhamana ya uvuvi. Samaki wale waligawiwa bure kabla kesi haijaisha. Mwaka 2012 nahodha na mwenzake walitiwa hatiani, lakini mwaka 2014 Mahakama ya Rufani ikaifuta kesi kwa kasoro za kisheria katika namna ilivyofunguliwa, na mwishowe wakaachiwa. Ukamataji ulikuwa wa kishindo baharini, kesi ikaangukia kwenye makaratasi.

Kuna njia nyingine ya kumaliza shauri bila mahakama, inaitwa kufifilisha kosa. Unakiri kwa maandishi, unalipa faini, basi. Inaokoa muda, na kwa mzigo unaooza muda ni mali. Ila ikumbuke sehemu ya kwanza: unakiri. Kama kosa hulikubali, una haki ya kusema shauri liende mahakamani, na hakuna afisa mwenye ruhusa ya kukulazimisha kuweka saini. Faini halali hulipwa kwa namba ya malipo ya serikali, ile inayoingia kwenye simu yako, kisha unapata risiti. Fedha inayoombwa mkononi, au kutumwa kwenye namba ya mtu binafsi, si faini. Hiyo ripoti TAKUKURU kwa kupiga 113.

Na unaponunua kwa jumla, dai risiti yenye jina la aliyekuuzia na nakala ya kibali cha kusafirisha mzigo ule. Atakuona msumbufu. Lakini siku afisa akija na rula, karatasi hiyo ndiyo itakayomfanya aulizie pia lori lilikotoka.