Ghorofa Nililolisimulia Bila Kuliona



Mdogo wangu ni muuguzi, na siku hizi anajiandaa na mtihani wa Kiingereza cha kuzungumza ili aombe kazi Uingereza. Wiki iliyopita alinipigia simu. Akiniita "Frateri" badala ya "Kaka" huwa najua kuna kitu anataka. "Frateri," alisema, "wanasema kuna kadi ya majengo marefu. Nikiangukiwa na hiyo nifanyeje? Mimi nimekulia Mnyuzi." Kisha akaniambia kwamba mwalimu wao wa tuisheni amewagawia karatasi yenye maelezo ya Burj Khalifa la Dubai, waikariri neno kwa neno.

Nilicheka, ila kicheko hakikufika mbali. Karatasi ya namna hiyo niliwahi kuikariri mimi mwenyewe.

Kwa wasomaji ambao hawajawahi kuukaribia mtihani huu, unaoitwa IELTS: sehemu ya kuzungumza huchukua dakika 11 hadi 14. Mnakaa wawili, wewe na mtahini, na sauti zenu zinarekodiwa. Kwanza unaulizwa maswali mepesi juu ya kwenu na kazi yako. Halafu unapewa kadi yenye mada, dakika 1 ya kujiandaa, na baada ya hapo unatakiwa uzungumze peke yako hadi dakika 2. Mwisho mnajadiliana kwa upana juu ya mada ileile. Dakika mbili si kitu kwa watu wanaosubiri basi Korogwe stendi. Ndani ya chumba kile ni ndefu kuliko Kwaresima.

Mimi niliufanya kabla sijaingia seminari. Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, natafuta ufadhili wa kusoma nje. Ada ya mtihani alinilipia mjomba wangu, ambaye kwa miaka mingi amekuwa saidia fundi Dar es Salaam. Usiku wa kuamkia mtihani nililala chumbani kwake. Alinipa kitanda, yeye akatandika mkeka.

Asubuhi nikageuza kadi: eleza jengo refu unalolipenda au usilolipenda. Nilitaka kupiga kigelegele. Nilikuwa nalo! Mita 828, ghorofa 163, lilifunguliwa Januari 2010. Nikayamwaga yote kama maji ya bomba, nikaongeza na uongo wangu kidogo kwamba nilikwenda kulitembelea na rafiki. Nilipomaliza, mtahini akaniuliza kwa upole sana: ulipofika juu, uliona nini? Nikasema niliona watu wengi. Watu gani? Watu wa Dubai. Akanitazama, nikatazama meza. Tukaingia kwenye majadiliano, akauliza majengo marefu yana hasara gani kwa wakazi wa mji. Nikajibu kwamba yana gharama kubwa. Nikanyamaza. Akasubiri. Sikuwa na kingine, maana karatasi yangu ilikuwa imekwisha.

Alama za kuzungumza ndizo zilizoniangusha, na ule ufadhili ukapita. Lakini kinachoniuma mpaka leo si ufadhili.

Tarehe 29 Machi 2013 ilikuwa Ijumaa Kuu. Asubuhi hiyo, katika mtaa wa Indira Gandhi katikati ya Dar es Salaam, jengo la ghorofa 16 lililokuwa bado linajengwa liliporomoka. Watu 36 walikufa. Nilikuwa mtoto. Redio ilitangaza wakati mama anajiandaa kwenda kigangoni, naye alijua jambo moja tu: kaka yake anabeba zege kwenye ghorofa huko mjini, ghorofa gani hajui. Simu ya mjomba haikupatikana. Mama alikwenda kwenye Njia ya Msalaba akiwa ameishika simu mkononi, na katika kila kituo aliitazama. Mjomba alipiga saa kumi jioni kwa simu ya kuazima. Alikuwa kwenye jengo jingine, mtaa mwingine, na simu yake ilikuwa imekwisha chaji. Mama alimgombeza kwanza, akalia baadaye.

Hayo nilikuwa nayo ndani yangu nikiwa nimekaa mbele ya mtahini. Nilikuwa nayo pia masimulizi ya mjomba ya jioni nyingi: jinsi karai la zege linavyopokezanwa mkono kwa mkono, jinsi mirunda ya jukwaa inavyolia upepo ukivuma, jinsi mtu anavyozoea kutotazama chini, na jinsi anavyoweza kujenga miezi sita jengo ambalo likikamilika mlinzi hatamruhusu kuingia hata kuomba maji. Nimeulizwa hasara za majengo marefu, nikasema yana gharama kubwa! Mtu aliyenilipia ada alikuwa jibu zima la swali lile, nami nikaona haya kumtaja. Sikukosa Kiingereza siku ile kama nilivyoona aibu ya kwetu.

Walimu wa tuisheni wana utetezi wao, nami sitaki kuwaonea. Wanasema mtahini hapimi ukweli. Ni kweli hapimi. Anasikiliza ufasaha na mtiririko, msamiati, sarufi na matamshi. Hatakwenda Mnyuzi kuhakikisha. Wengine wataniuliza kama kubuni hadithi mtihanini ni dhambi. Mtakatifu Tomaso wa Akwino anatofautisha uongo wa kudhuru, wa kusaidia na wa mzaha, na sidhani kama ghorofa langu la Dubai lingemchukulia muda mrefu padre kitubioni. Hoja yangu ni nyingine. Maneno ya kukariri hayana mlango. Mtu akiuliza swali dogo tu la pembeni, hakuna pa kupitia kuingia ndani, kwa kuwa ndani hamna kitu. Anayesimulia alichokiona, hata akikosa neno, atalizunguka: atasema kilikuwa kirefu, cha mti, watu walisimama juu yake. Huko kulizunguka neno ndiko kuzungumza lugha. Na watahini wanayajua majibu ya kukariri. Wameshayasikia kwa watahiniwa wengi mno.

Tumeupata wapi ugonjwa huu? Nadhani tunaujua. Shule ya msingi ya serikali tunasoma kwa Kiswahili miaka yote, halafu kidato cha kwanza karibu kila somo linageuka Kiingereza. Mtoto aliyekuwa hodari wa kuuliza maswali ananyamaza. Ananakili ubaoni asichokielewa, anakikariri, anakirudisha kwenye mtihani kama alivyokipokea, na anafaulu. Tumefundishwa kwamba Kiingereza ni kitu cha kurudisha. Nani basi atashangaa kwamba tukiulizwa juu ya jengo tunakimbilia jengo la watu wengine?

Kuna anayesema kosa ni la mtihani. Kwa nini kumuuliza mtoto wa Mnyuzi habari za maghorofa, wakati nyumba nyingi za kwetu hazina hata ngazi? Nilikuwa na hasira hiyo mimi pia, mpaka mwaka wa kwanza wa falsafa tuliposoma Kategoria za Aristotle. Humo anaeleza kwamba mlima unaweza kuitwa mdogo na punje ya mtama ikaitwa kubwa, kwa sababu kila kimoja kinalinganishwa na vya aina yake. Darasani wenzangu walikuwa wanasinzia (ilikuwa baada ya chakula cha mchana), mimi nikakumbuka kadi yangu. Refu kuliko nini? Tulipokuwa wadogo, jengo refu kwetu lilikuwa korona, pale majani ya mkonge yanapokamuliwa ikabaki singa. Paa lake la mabati tuliliona kwanza kabla ya kuona nyumba yoyote, na nyuma yake milima ya Usambara. Hakuna mtahini ambaye angenikatia alama kwa sababu korona haina ghorofa 163. Angeniuliza mkonge unanukaje unapokamuliwa, nami ningezungumza mpaka anisimamishe.

Tena, kama tunatafuta mfano, Bwana wetu naye aliwahi kuzungumzia jengo refu lililoanguka. Katika Injili ya Luka, sura ya 13, anautaja mnara wa Siloamu ulioua watu 18. Hakuuchukua mnara wa Roma wala wa Babeli. Alichukua habari ya palepale Yerusalemu, msiba ambao watu walikuwa bado wanausimulia, huku wengine wakiwahukumu marehemu kuwa walikuwa wakosefu kuliko wenzao. Alianzia kwenye mnara wanaoujua, na kwa hiyo hawakuweza kulikwepa neno lililofuata.

Nayasema haya kwa mafrateri wenzangu zaidi kuliko kwa mdogo wangu. Jioni moja mwenzetu mmoja alitoa tafakari nzuri sana, yenye mfano wa mchungaji aliyepotelewa na kondoo kwenye theluji. Kanisani hapakuwa na mtu aliyewahi kuiona theluji, yeye mwenyewe akiwamo. Kwao wanafuga. Baba yake amewahi kukesha porini siku mbili akitafuta ng'ombe, alinisimulia yeye mwenyewe tukiosha vyombo. Nilimuuliza kwa nini hakutuambia hilo. Akasema aliona si la kanisani. Miaka michache ijayo, Mungu akipenda, tutapewa waumini ambao kila Dominika watatusikiliza kwa zaidi ya dakika mbili, nao watajua mapema kuliko mtahini yeyote kwamba tunasoma karatasi.

Basi mdogo wangu nilimwambia aiweke pembeni ile Burj Khalifa, anisimulie habari za mjomba kwa Kiingereza, saa ileile, kwenye simu. Alianza kwa kusitasita. Alipofika kwenye mirunda akakwama, akaniuliza inaitwaje. Sikujua. Akasema basi, miti mirefu iliyofungwa pamoja, wanaume wanasimama juu yake kama ndege kwenye waya, akaendelea. Sarufi ilivunjika mara kadhaa. Nilipotazama saa zilikuwa zimepita dakika tatu na nusu, na alikuwa bado hajafika kwenye Ijumaa Kuu.

Atapiga tena Jumamosi. Ameniomba kabla ya hapo nimuulize mjomba lile jengo alilokuwa analijenga mwaka ule lina ghorofa ngapi, maana hataki kukisia.